Gari Jeusi la Enos Renno

Highland Park, Michigan
3 Oktoba 1926

Dada yangu Barbara,

Nakusalimu wewe na shemeji Levi, na Lydia wenu na mumewe na wale watoto ambao bado sijawaona. Mimi ni mzima, ukiacha magoti. Useremala wa kiwandani niliuacha Pasaka, mkono ulipoanza kutetemeka juu ya patasi. Siku hizi nashinda maktaba, na jioni mwenye nyumba wangu, mjane wa Kipolandi, ananilisha kabichi kana kwamba mimi ni sungura. Mkikoroga siagi ya tufaha juu ya moto mwaka huu, nikumbuke. Huku inauzwa kwenye chupa, na haina harufu ya moshi.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Enos wako ameniandikia kadi: "Mjomba, wamenitenga. Gari ni zima." Sijui nicheke kwa maneno yale matatu ya mwisho au nilie kwa yale ya kwanza.

Barbara, alipokuja kwangu baada ya theluji kuyeyuka, nilidhani hajabatizwa. Kijana wa kwetu aliyekwisha kutoa ahadi mbele ya kanisa hapandi treni peke yake kuja Detroit, wala hacheki vile alivyocheka injini ilipowaka mkononi mwake mara ya kwanza. Nilimwona ni kama mimi nilivyokuwa. Mimi niliondoka kabla ya maji, na ndiyo maana hadi leo hakuna anayekukataza kula nami meza moja. Ningejua kwamba yeye amekwisha kuahidi, nisingempa gari langu, maana kanisa la kwetu humtenga aliyebatizwa akimiliki gari la injini, asile meza moja na ndugu zake.

Ni Ford Modeli T ya mwaka 1915, ya mwisho mwisho kuwa na rejeta ya shaba. Kabla hajaondoka niliipaka ile shaba rangi nyeusi, isije ikamulika macho ya watu huko bondeni. Nilidhani hilo litatosha.

Niandikie mambo yalivyo, usinifiche.

Kakako, Mahlon Byler


Bondeni, Pennsylvania
14 Novemba 1926

Kaka Mahlon,

Amani ya Bwana iwe nawe. Mahindi yameingia ghalani yote. Lydia ni mjamzito tena. Levi ana kikohozi, lakini anakohoa huku anacheka, basi sina wasiwasi. Siagi ya tufaha imetoka nyeusi na nzito kama aliyokuwa akipika Mama.

Umeomba nikueleze. Enos bado analala kwetu na kufanya kazi na baba yake. Gari linakaa ghalani kwa jirani yetu Cargill, Mpresibiteri, anayefuga ng'ombe na kusema ovyo. Nyumbani tumeweka meza ndogo karibu na jiko. Enos anakula pale, sisi tunakula meza kubwa. Nampakulia, naweka sahani mezani, natoa mkono, ndipo anaichukua. Akinipa kitu, hukiweka chini kwanza. Mtoto niliyemnyonyesha! Askofu Hertzler anasema tunafanya hivi kwa upendo, ili atamani kurudi. Njia ya kurudi iko wazi: auze gari, apige magoti mbele ya kanisa, aseme anajuta.

Enos anasema, "Kuuza naweza, Mama. Kusema najuta siwezi, maana sijuti."

Na Levi hanisaidii. Juzi nilimfuma akirudi kutoka kwa Cargill ana grisi kwenye ndevu. "Nilikwenda kuazima jembe," ananiambia. Jembe liko wapi? Akaangua kicheko. "Babi, lile dude linakohoa kama Mjomba Christian akianza kuhubiri!"

Nina swali moja tu kwako, na ujibu. Unasema ulidhani kijana yuko huru. Kama uliamini hivyo, ile shaba uliipaka rangi nyeusi ya nini?

Dadako, Barbara Renno


Highland Park
12 Desemba 1926

Dada Barbara,

Salamu za Krismasi kwenu nyote. Huku theluji imefika magotini na mjane ameanza kunipikia bitiruti badala ya kabichi. Naona ameamua kunionea huruma.

Mwambie Levi kikohozi kile cha gari ni cha kawaida, kinatokana na plagi chafu. Mwambie pia habari hii, ataipenda: miaka ile ya kwanza, 1909 na 1910, tulikuwa tukiyatengeneza yakiwa mekundu, ya kijivu na ya kijani. Watu walisimama palepale gari lilipo wakalijenga kuanzia chesisi mpaka taa, kama sisi tunavyosimamisha ghala la jirani. Kisha wakaleta mnyororo unaotembea, gari likawa linamjia mtu, na rangi zikaisha zote ikabaki nyeusi tu. Bei ikashuka mwaka hadi mwaka, mpaka hata mkulima aliyekuwa akililaani akawa analo. Mimi nilikuwa kwenye mbao, maana chini ya lile bati kuna mbao, ingawa wengi hawajui.

Kwa Enos nina maonyo mawili, tafadhali msomee. Kwenye baridi oili huganda, na ukipiga hendeli gari hukusogelea lenyewe hata kama hakuna aliyepanda. Wako watu waliobanwa ukutani na magari yao wenyewe. Ainue gurudumu moja la nyuma kwa jeki kabla ya kuwasha. La pili: petroli haisukumwi na kitu, inateremka tu kutoka kwenye tangi lililo chini ya kiti hadi kwenye injini. Ikiwa kidogo, na mlima ukiwa mkali, injini inakosa na kuzima. Hapo dawa ni kugeuza gari na kupanda kwa rivasi, kinyumenyume. Watu wa mjini wanacheka wakiona, lakini gari linapanda.

Karatasi imekwisha. Mwaka mpya mwema.

Mahlon


Highland Park
20 Februari 1927

Barbara,

Hii ni barua ya pili tangu Januari, na sijapata neno kutoka kwako. Wala Enos hajaandika. Kama umekasirika kwa sababu sikulijibu swali lako, una haki. Lakini hata ukiwa umekasirika niandikie, hata mstari mmoja, uniambie kwamba mko wote.

Mahlon


Bondeni
13 Machi 1927

Kaka Mahlon,

Hatuko wote. Levi amefariki tarehe tano Februari. Nisamehe kwa kuchelewa. Kila nikikaa kuandika, nilikuwa naona kazi nyingine ya kufanya.

Maumivu yalimshika tumboni upande wa kulia, siku mbili, akisema ni maharage. Siku ya tatu asubuhi alikuwa amejikunja sakafuni na joto kama la jiko. Theluji ilikuwa imezika barabara. Farasi wetu wasingefika hospitali ya mjini kabla ya jioni. Enos alikimbia kwa Cargill akarudi na gari.

Maagizo hayatukatazi kubebwa na gari la mtu wa nje katika shida. Yanatukataza kupokea msaada mkononi mwa aliyetengwa. Kwa hiyo tulifanya hivi: Cargill aliazima gari kwa Enos, na Cargill akaliendesha. Hakuwa amewahi kuendesha chochote zaidi ya farasi. Nilikaa nyuma, kichwa cha Levi mapajani mwangu, na Enos akakimbia kando kwenye theluji akimfundisha kwa kupaza sauti.

"Pedali ya kushoto! Kanyaga mpaka chini!"

"Nimekanyaga!"

"Hiyo ni breki!"

"Basi ziandikeni majina, jamani! Ng'ombe ana chuchu nne na sijawahi kukosea hata moja!"

Kwenye kilima kile cha kwenda kwa akina Hertzler injini ilizima. Petroli ilikuwa kidogo. Enos alitufikia akihema, akasema ligeuzwe lipande kinyumenyume, aendeshe yeye. Levi alikataa. Cargill akajaribu mwenyewe, akaingia mtaroni, wakalitoa kwa koleo, akajaribu tena. Tulifika hospitali mchana. Daktari alisema kidole tumbo kilikuwa kimekwisha pasuka. Levi aliishi siku mbili.

Watu wamekuja kwa wingi kunifariji. Wanasimulia kote bondeni kwamba Levi Renno alipenda kufa kuliko kuvunja maagizo.



Barbara


Highland Park
10 Aprili 1927

Dada yangu,

Nimekuwa nikitembea na barua yako mfukoni kwa wiki kadhaa. Mjane aliniona nikiisoma mezani, akaondoa sahani bila kuniuliza kama nimeshiba. Pole, Barbara. Maneno ya kuongeza sina. Levi alinipeleka stesheni kwa gari lake la farasi lenye paa la manjano siku niliyoondoka bondeni, na hakunihubiria hata neno. Aliniambia tu, "Ukiona kitu kizuri huko, niandikie."

Nimekaa na deni la swali lako. Niliipaka shaba rangi nyeusi kwa sababu nilijua. Sikuambiwa, lakini nilijua. Enos alikuwa akiinama kuomba kabla ya kula kama mtu aliyekwisha kuweka ahadi, si kama mtoto anayefuata mazoea. Mtu yeyote wa kwetu angeona. Ningemuuliza, angenijibu ukweli, nami ningelazimika kumrudisha kwenu kwa treni mikono mitupu. Nilitaka mtu mmoja wa damu yangu apende kitu nilichokitengeneza. Basi sikuuliza.

Sasa nikuulize na mimi, na kama hutaki usijibu. Levi ninayemkumbuka angepanda hata dubu kama dubu angemkubali. Huyu ndiye aliyerudi kutoka kwa Cargill ana grisi kwenye ndevu. Pale kilimani alikataa kwa maneno gani?

Mahlon


Bondeni
22 Mei 1927

Mahlon,

Lydia hajambo, anasubiri siku zake. Mahindi tumeyapanda kwa msaada wa majirani. Enos alilima shamba la chini peke yake.

Levi hakukataa.

Injini ilipozima palikuwa na ukimya kiasi kwamba nilisikia theluji ikidondoka kutoka kwenye miti. Enos alikuja akashika mlango, akasema, "Shuka, Bwana Cargill, niendeshe mimi. Nitawafikisha." Cargill akashuka mara moja. Mimi nikasema hapana. Cargill akanitazama akavua kofia, yule mtu asiyevua kofia hata kwa mazishi. "Bibi Renno," akasema, "hapa hakuna mtu. Hata Mungu akiombwa kwa adabu atageuza uso kidogo." Nikasema hapana.

Ndipo Levi akafumbua macho mapajani mwangu. Akasema, "Babi. Mwache kijana aendeshe."

Nilisikia. Cargill hakusikia, alikuwa upande wa upepo. Enos alikuwa ameshika mlango, na mpaka leo sijui kama alisikia. Nikamwambia, "Baba yako hataki."

Nilikuwa naogopa kwamba nikivunja pale, kila sahani niliyomwekea mtoto wangu mezani bila kumgusa itakuwa ukatili wa bure. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu, wala si Mungu.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Askofu Hertzler nikamweleza yote. Nilimwomba nipige magoti mbele ya kanisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akalia, ni mtu mwema. Akasema, "Dada Barbara, kwa kusema uongo juu ya marehemu, omba msamaha kwa Mungu, nami nimekusamehe. Lakini lile la kilimani si dhambi. Uliyashika maagizo katika jaribu ambalo mimi sijui kama ningeliweza."

"Basi nipigie magoti nini?" nikamuuliza.

"Hakuna cha kupigia magoti," akasema.

Akina mama wakanisifu mlangoni nilipokuwa naondoka. Mmoja alinibusu.

Enos ameniambia ameamua. Baada ya kuvuna majani atauza gari na kusema anajuta, ili nisiwe peke yangu mezani.

Barbara


Highland Park
5 Juni 1927

Dada Barbara,

Nimeisoma. Sitasema kwamba usingejua, wala kwamba siku zake zilikuwa zimefika. Watu watakuambia hayo bila mimi.

Hapa mji umekuwa kama nyumba yenye msiba. Tarehe ishirini na sita ya mwezi uliopita Modeli T imefika mwisho. Gari la milioni kumi na tano limetoka, na hawatengenezi tena. Watu wanataka magari laini, yenye gia za kisasa. Vijana wamesimama nje ya malango mikono mifukoni wakisubiri kuambiwa ni lini watarudi. Nilikwenda kusimama nao, mzee asiye na kazi kati ya wasio na kazi. Kijana mmoja akaniuliza, "Babu, wewe ulifanya nini humo?" Nikamwambia, nguzo ya mbao ya mlango wa kushoto. Akacheka: "Mimi boliti mbili za springi. Wewe ni mhandisi!"

Nimezifikiria sana zile boliti. Uzuri wa mnyororo ule ulikuwa kwamba hakuna aliyetengeneza gari. Kila mtu alikaza chake, likasogea kwa mwingine. Likipata ajali huko liendako, nani wa kulaumiwa? Nimekuwa nikijitetea hivyo tangu Machi. Mimi nilitoa gari, Enos akalichukua, kanisa likamtenga, wewe ukasema hapana, petroli ikawa kidogo. Kila mmoja na boliti yake. Lakini haifai, Barbara. Lile gari nilimkabidhi kwa mkono wangu, na nilijua.

Nitakuja. Nitakwenda kwa Hertzler nimwambie kosa lilianzia kwangu, wamwachie kijana bila kumlazimisha kusema asichokiamini. Au njooni nyote wawili kwangu. Mjane ana chumba.

Mahlon


Bondeni
3 Julai 1927

Kaka Mahlon,

Lydia amejifungua mtoto wa kike, mzima, ana nywele nyingi. Majani tumevuna na hayakunyeshewa.

Usije kuungama kwa Hertzler. Wewe hukuahidi kitu hapa, atakupa kahawa na kukurudisha stesheni. Ukija, njoo kwa ajili yetu.

Jumapili iliyopita ibada ilikuwa kwa akina Hertzler, ng'ambo ya kilima. Asubuhi Enos alikuwa akifunga farasi, ili niendeshe mwenyewe mpaka njia panda, kutoka pale niende na Lydia. Alikuwa na uso wa mtu anayefanya mazoezi ya maneno. "Kesho kutwa mnunuzi anakuja," akasema. "Na nitasema najuta, Mama. Kwa ajili yako nitasema."

"Basi tutakuwa waongo wawili nyumba moja," nikamwambia. "Mmoja anatosha. Fungua farasi."

Nikaenda kwa miguu mpaka ghalani kwa Cargill na kofia yangu nyeusi ya kanisani. Alikuwa anakamua. "Bibi Renno," akasema, "leo umepotea?"

"Sijapotea. Petroli imo?"

Akasimama maziwa yakamwagika. "Imo mpaka juu. Tangu siku ile sijawahi kuiacha ipungue." Kisha akageuka ukutani, akajifanya anatafuta ndoo.

Enos alifika akihema. Alinikuta nimekaa mbele, kiti cha kando ya dereva.

"Mama, shuka. Unajua maana yake?"

"Nimeijua kabla hujazaliwa. Piga hiyo hendeli."

"Watakutenga."

"Enos, nimesema piga."

Tulipanda kilima kile kwa mbele, Mahlon, bila kugeuza, bila kuzima. Ni kilima kidogo sana. Sikuwa najua kwamba ni kidogo hivyo. Nilikuwa bado nakitafuta tulipokuwa tumekwisha kukimaliza.

Wanaume walikuwa wamesimama uani karibu na magari ya farasi yenye paa la manjano. Nilishuka nikawaamkia, hakuna aliyeitikia isipokuwa watoto.

Jumanne Askofu alikuja na shemasi. Alinibembeleza. "Sema ulichanganyikiwa kwa huzuni, Dada. Tutalimaliza hapa hapa."

"Sikuchanganyikiwa."

"Je, unajuta?"

"Najuta, Askofu, tangu Februari. Lakini si kwa hili."

Aliishika kofia yake kwa mikono miwili. Akasema mlango utakuwa wazi siku yoyote nitakayotaka kupiga magoti. Nikamwambia nilikwisha kuja mlangoni mwake nikitaka kupiga magoti, na yeye ndiye aliyeniinua. Walipoondoka, shemasi aliunyosha mkono wa kuagana, akauacha ukining'inia, hajui autie wapi.

Sasa nimetengwa, na Lydia akija na mtoto anakaa meza kubwa. Ananiwekea mtoto kitandani, anarudi nyuma, ndipo namchukua. Anafanya hivyo akilia, na anafanya sawasawa, kama nilivyomfundisha. Wala usidhani nimepata amani. Levi bado ananiambia maneno yake manne kila ninapokaa kimya, na bado najibu hapana.

Jana nilipakua supu ya maharage nikaenda kukaa kwa Enos, meza ya karibu na jiko. Alikata mkate akaunyoosha, na kwa mazoea akataka kuuweka mezani kwanza. Akakumbuka. Akanipa mkononi. Vidole vyake ni vigumu, na vina mafuta meusi yasiyotoka hata kwa majivu. Nilikuwa nimesahau mkono wake ulivyo. Nikabaki nimeushika ule mkate, siwezi kuuma wala kuuweka chini.

"Kula, Mama," akasema. "Supu inapoa."

Dadako,
Barbara